Siku 5,088 Kabla ya Harusi

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alivaa miwani, akainua karatasi ya taarifa na kusoma kwa ile sauti yake ya kusomea majina ya wadaiwa: "Siku zilizobaki kabla ya harusi: elfu tano na themanini na nane." Akanyamaza. Akaisogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu, namba ikabaki ile ile. Kadi zilikwishachapwa, harusi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 2025, na kikao hicho kilikuwa cha Novemba.

"Katibu," akaita baba mkubwa wa bwana harusi, "siku elfu tano ni miaka mingapi?"

Kabla Katibu hajafungua mdomo, mjumbe mmoja ambaye ahadi yake ilikuwa haijapungua hata senti tangu Agosti alishatoa simu na kupiga hesabu. Kumi na tatu nukta tisa, akatangaza, na papo hapo akatoa hoja kwamba maadamu muda upo, wajumbe hawana sababu ya kukamuana mwezi huu. Hoja ikaungwa mkono na wajumbe kadhaa, wote wenye madeni. Ikaanza kupita mkono kwa mkono barua ya kuombea ukumbi, iliyochapwa jioni ile ile. Juu kabisa ilisomeka: 1 Januari 2012. Shangazi wa bwana harusi aliisoma, akamtazama Katibu kuanzia viatuni kwenda juu.

"Mwaka 2012 huyu mtoto alikuwa darasa la tano, Katibu. Ulikuwa unamwombea ukumbi wa nini, wa kipaimara?"

Walicheka mpaka mhudumu akachungulia.

Ieleweke kwamba fomula ilikuwa sahihi. Jedwali la Katibu lilichukua tarehe ya harusi, likatoa tarehe ya leo, likaandika kilichobaki; na kutoka 1 Januari 2012 hadi 6 Desemba 2025 ni siku 5,088 barabara, ukiihesabu na miaka mirefu yote minne iliyo katikati. Barua nayo ilikuwa na ile tarehe inayojijaza yenyewe kila faili linapofunguliwa. Kilichokosewa ni "leo". Umeme ulikatika jioni hiyo, ukarudi saa moja usiku, Katibu akawasha kompyuta, akachapa, akadaka bodaboda.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba uliokuja na kontena, na ilikuwa na ugonjwa uliojulikana nyumba nzima. Jioni unaiwekea tarehe, saa, na mpangilio wa kifaa gani kianze kusomwa wakati wa kuwaka. Asubuhi vyote vimefutika. Kioo kinakuwa cheusi, yanatokea maandishi meupe ya Kiingereza kwamba jumla ya CMOS haikubaliani na mipangilio ya kiwandani imerudishwa, kisha unaambiwa ubonyeze F1 ili uendelee. Kitufe cha F1 kwenye kibodi ya Katibu kilikuwa kimeng'aa kuliko herufi A. (Angalau yeye alikuwa na kibodi ya kubonyeza. Ziko BIOS, yaani programu za kuwashia kompyuta, zilizopata kuwaambia watumiaji, bila aibu yoyote, kwamba kibodi haionekani, hivyo wabonyeze F1.)

Fundi wa kwanza alisikiliza historia ya mgonjwa akiwa bado anachati. "Hii inataka Windows mpya, mzee wangu," akasema. Kila ugonjwa wa kompyuta mjini hutibiwa kwanza kwa kupigwa Windows: iwe nzito, iwe na kelele, iwe imemwagikiwa chai. Windows ikapigwa. Kompyuta ikarudi nyumbani inang'aa, bila faili za Katibu na ikiwa na michezo ambayo hakuiomba, na siku hiyo yote ilifanya kazi vizuri. Kesho yake: F1, na Heri ya Mwaka Mpya 2012.

Fundi akahamia kwenye nadharia ya virusi. Iliwekwa programu ya kuua virusi, nayo ikatazama kalenda na kugoma kujisasisha.

Ilikuwa lazima Windows mpya ishindwe, kwa sababu kinachosahau kiko chini ya Windows, mahali ambapo Windows haijafika. Hapo ndipo Katibu alipoziweka kando kazi za kamati akaanza kusoma, na aliyoyakuta yanastahili aya kadhaa, hata kama msomaji hakuziomba.

Kompyuta ya IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, haikuwa na tatizo hili kwa sababu haikuwa na kumbukumbu ya kusahau. Mipangilio yake iliwekwa kwa swichi ndogo ndogo juu ya madabodi, zile za kusukuma kwa ncha ya kalamu. Uzime ukitaka mwaka mzima, swichi iko pale ulipoiacha. Saa ya kutunza muda ikiwa imezimwa haikuwepo kabisa, kwa hiyo DOS ilimuuliza mtumiaji kila ilipowaka: leo tarehe ngapi, sasa hivi saa ngapi? Mvivu aliyebonyeza Enter tu alijikuta 1 Januari 1980, kwa kuwa kalenda ya DOS inaanzia hapo na haijui kama kulikuwa na ulimwengu kabla yake.

Mwaka 1984 ikaja IBM PC/AT, ikaleta chipu ya Motorola iitwayo MC146818. Ndani yake mlikuwa na saa, na kando ya saa kumbukumbu ndogo. Jumla ni baiti 64: 14 za saa na uendeshaji wake, na 50 za kuhifadhia mipangilio. Baiti 50! Ni nafasi ya herufi 50, ambazo hazitoshi kuandika jina la kamati ya Katibu pamoja na majina ya maharusi. Humo zilipaswa kuenea aina ya diski, kiasi cha kumbukumbu, aina ya kioo na mengine. Saa yenyewe ilitunza mwaka kwa tarakimu mbili tu, ikabidi karne iombewe hifadhi kwenye baiti moja kati ya zile 50. Miaka kumi na mitano baadaye dunia ilipokuwa ikihangaika na ujio wa mwaka 2000, ubahili huo wa tarakimu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa yakitafutiwa dawa.

Kinachoipa saa mapigo ni kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo inaonekana ya ovyo mpaka uanze kuigawa kwa mbili: 16,384, 8,192, 4,096, unashuka hivyo hivyo, na mgawanyo wa kumi na tano unakupa moja kamili. Pigo moja, sekunde moja. Hakuna masalia wala desimali. Ni fuwele ile ile inayotumika katika saa za mkononi za kwatzi. Maana yake ni kwamba ndani ya kila boksi la CPU mna saa ya mkono isiyo na mkono, inayoendelea kuhesabu gizani wakati mwenye nyumba amelala. Katibu alilisoma jambo hili usiku na nusura amwamshe mkewe.

Sasa, hizo baiti zilitengenezwa kwa teknolojia ya CMOS, ambayo inakula umeme kidogo mno lakini haiishi bila umeme. Ukiikatia hata chembe, imesahau yote. Kwa hiyo BIOS huwa kama mweka hazina asiyemwamini mtu: ikimaliza kuandika mipangilio inaijumlisha, inaandika jumla pembeni, na kila inapoamka inahesabu upya. Jumla zikitofautiana, haitafuti ni baiti gani iliyoharibika. Inatupa daftari zima na kurudi kwenye kile kiwanda kilichoamua siku kompyuta inazaliwa, tarehe ikiwemo. Mashine za miaka ya karibuni huhifadhi sehemu kubwa ya mipangilio kwenye kumbukumbu ya flashi isiyohitaji umeme, ndiyo maana ziko zinazokumbuka kila kitu isipokuwa mwaka. Ya Katibu ilikuwa ya kizazi cha kusahau vyote.

Katika kompyuta kama ya Katibu, umeme wa kuilisha chipu ya namna hiyo unatoka kwenye betri ya mviringo inayoitwa CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: milimita 20 kwa upana, 3.2 kwa unene. Inatoa volti 3, na uwezo wake ni kama miliampea-saa 220. Chipu ikinywa mikroampea 5, unapata saa 44,000, yaani miaka mitano. Lakini hesabu hiyo ni ya kompyuta iliyochomolewa kabisa. Ikiwa imezimwa ila waya bado uko ukutani na swichi imewashwa, kuna umeme mdogo unaoendelea kupita, na betri inapumzika.

Na hapo ndipo palipomchoma Katibu, kwa sababu nyumbani kwake hakuna swichi inayolala imewashwa. Kila usiku mkewe hupita sebuleni na chumbani akizima soketi moja baada ya nyingine, kwa bidii ya mtu anayeijua bei ya uniti za LUKU. Televisheni, kompyuta, ekstensheni, vyote chini. Tabia njema, yenye kusifiwa na kila shemeji, na kila usiku ilikuwa ikiitupia betri ile mzigo wote. Ongeza miezi ambayo mashine ilikaa ghalani huko Ulaya, kisha kwenye kontena, kisha dukani juu ya rafu, na unaelewa ni kwa nini mtumba hufika na betri iliyobakiza pumzi za mwisho.

Kusahau tarehe kungekuwa jambo la kuchekesha tu kama dunia haingekuwa imejengwa juu ya tarehe. Kila tovuti ambayo anwani yake inaanza na https humwonyesha mgeni cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Tovuti nyingi sana hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo vimekuwa vikidumu siku 90. Kompyuta inayoamini kwamba ni Januari 2012 inatazama cheti hicho na kukuta kitaanza kazi baada ya miaka kumi na tatu, tena kimetolewa na shirika ambalo mwaka huo lilikuwa halijatoa hata cheti kimoja. Ni kweli, hiyo ni sababu nzuri ya kumtilia mtu shaka. Brauza inafunga mlango: barua pepe hapana, benki hapana, fomu ya serikali ambayo mwisho wake ni leo saa sita usiku, hapana.

Mtu atasema: si Windows inaweza kujirekebishia saa kupitia intaneti? Inaweza. Ila kwa mpangilio inaokuja nao kwenye kompyuta ya nyumbani, ina ukomo wa sekunde 54,000, yaani saa 15. Ukichelewa dakika kumi inakusogeza kwa upole. Ukichelewa miaka kumi na tatu inakataa, kwa maelezo kwamba badiliko linalohitajika ni kubwa mno. Yaani msaada upo, kwa sharti kwamba usiwe na shida sana. Katibu amewahi kukutana na utaratibu wa namna hii kwenye madirisha ya ofisi kadhaa, ila hakutegemea kuukuta kwenye saa.

Akabaki kuweka tarehe kwa mkono. Na kila alipoiweka, aliambiwa pale pale kwamba yuko Nairobi, kwa kuwa katika orodha ya Windows majira ya Dar es Salaam yanaitwa hivyo. Alikubali, kila asubuhi, kwa moyo mzito.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo haichekeshi. Kati ya mipangilio inayopotea uko mstari mmoja unaoamua kompyuta izungumze na diski kwa lugha gani: AHCI, RAID, au IDE ya zamani. Windows iliyowekwa chini ya lugha moja ikiamshwa ghafla kwa nyingine, mara nyingi huanguka kwenye kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski ni nzima. Kila faili liko mahali pake. Urejeshe mstari ule mmoja, mashine inawaka kama haikuwahi kuugua. Lakini fundi asiyejua anaona bluu na kutangaza msiba. Mama mmoja mwenye stationeri mtaani kwa Katibu aliambiwa diski imekufa, akauziwa nyingine, na ya zamani ikabaki kwa fundi "kwa kuwa haina kazi". Ilikuwa na mahesabu ya duka na picha za marehemu mumewe. Huenda ilikuwa imekufa kweli. Ila hakuna aliyefungua ukurasa wa mipangilio kuhakikisha, na kuufungua ni kazi ya dakika moja.

Wala lawama si za fundi peke yake. Zipo BIOS zinazotamka wazi kwamba betri imeishiwa, na zipo nyingi zinazotoa msemo wa jumla na CMOS, kwa Kiingereza, kwa watu ambao shida yao ni kuchapa risiti. Aliyeandika maneno hayo alijua sababu ya kawaida kabisa ni kidude cha milimita 20, akaona asiseme. Wengine walikwenda mbali zaidi wakakificha. Kampuni ya Dallas Semiconductor iliwahi kutoa chipu ya DS1287 iliyofukia betri na fuwele pamoja ndani ya plastiki ngumu, ikihesabiwa kudumu miaka 10. Miaka 10 ikapita. Leo wapenzi wa kompyuta za kale huikwangua chipu hiyo taratibu mpaka wafikie vyuma vya ndani, kisha huiunganishia betri ya nje kwa waya. Laptopu nyingi nazo zimeiviringisha betri kwenye nailoni na kuilaza chini ya madabodi, hivyo kuifikia ni kung'oa feni, kibodi na nusu ya skrubu zilizoko duniani. Ni kitu kinachojulikana tangu siku ya kwanza kwamba kitakwisha, na bado kimewekwa pasipofikika.

Katibu alikwenda Kariakoo.

"Nipatie CR2032."

"Ya rimoti ya gari au ya mizani, bosi?"

"Ya kompyuta."

Muuzaji alicheka kwa huruma. "Kompyuta haitumii hii. Kompyuta inatumia umeme."

Katibu alisema basi ni ya rimoti ya gari, akauziwa. Bei haikufika sahani ya chipsi mayai, wakati fedha zilizokwishateketea kwa Windows na kwa virusi zingenunua mayai yenyewe kwa trei.

Nyumbani alichomoa waya, akafungua ubavu wa boksi kwa bisibisi, akapuliza. Likalipuka vumbi la rangi ya ugoro. Feni ilikuwa imevaa manyoya, na mende mmoja, mkavu kabisa, alikuwa amekaa juu ya kipoza joto kama aliyefika hapo kwa miadi. Betri ilikuwa wazi, karibu na kona ya chini ya madabodi, imelala kwenye kitako cha plastiki nyeusi na kushikiliwa ubavuni na ulimi mdogo wa chuma. Ukiusukuma ulimi kwa ncha ya bisibisi, betri inaruka yenyewe. Ya Katibu iliruka mpaka chini ya kabati. Kipimo cha kuazima kilionyesha volti 1.1, mahali palipostahili kuwa na 3. Akaweka mpya, upande ulioandikwa alama ya kujumlisha ukitazama juu, akasikia ule mlio mdogo wa kuingia. F1 ikaombwa kwa mara nyingine, kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa tupu. Akaweka tarehe, akahifadhi. Usiku mkewe akapita na kuzima soketi zote. Asubuhi kompyuta ilijua leo ni lini.

Ungedhani mkosi umekwisha. Wiki iliyofuata kompyuta ya ofisini ilishindwa kusoma wasifu wa Katibu, ikamwingiza kwa wasifu wa muda, na kila alichokihifadhi kwenye desktopu siku hiyo kiliondoka naye alipotoka.

Mpwa wake akaongeza Linux pembeni ya Windows. Mmoja anasoma saa ya madabodi kama majira ya hapa, mwenzake kama majira ya dunia, na kwa Afrika Mashariki ugomvi huo una upana wa saa tatu kamili. Katibu akafika kwenye mkutano wa Zoom uliokwishavunjika.

Alipobadilisha mpangilio kwenye laptopu, akaambiwa aizime na kuiwasha ili badiliko likubalike. Halikukubalika, kwa sababu tangu Windows 8 kuzima si kuzima: kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski na kuamshwa kilivyo, na kwa kawaida ni Restart inayokianzisha upya.

Mwisho akakimbilia intaneti kafe, akaandika ripoti ya kamati mchana kutwa, akaihifadhi vizuri, umeme ukayumba, mashine ikawaka upya bila ripoti. Pembeni mwa saa alionekana dubu mweupe wa Deep Freeze, programu inayoirudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa, lolote ulilofanya likawa halikufanyika. Kijana wa kaunta alimwambia kila mtu hapo anajua kwamba kazi huhifadhiwa kwenye flashi. Akamwazima ya kwake, Katibu akaandika upya, akaenda nayo nyumbani. Ilikuwa na virusi.